Kodi ya Jengo la Bi Mbodze

Mejumaa wa mtaa wa Kuze, Mombasa, alikuwa na kazi mbili kila asubuhi. Kazi ya kwanza ilikuwa kukaanga mahamri. Kazi ya pili ilikuwa kugombana na wateja wake.

"Bi Mejumaa, leo mahamri madogo!"

"Madogo mahamri, au kubwa njaa yako? Lete sahani, nikutilie mbaazi, unyamaze."

Watu walicheka, wakala, wakarudi kesho yake. Walimpenda kwa ulimi wake mkali na mkono wake wazi. Aliyekosa pesa alikula vile vile, wala hakusimangwa.

Huo ulikuwa mwaka wa 1994. Mejumaa alikuwa mjane, na aliishi katika nyumba ya ghorofa moja iliyoachwa na mama yake. Mama huyo, marehemu Bi Mbodze, alikuwa mpishi wa harusi. Alipika pilau za watu miaka mingi, moshi ukamharibu macho. Kwa jasho hilo akainunua nyumba ile. Alipofariki aliwaachia wanawe watatu. Mkubwa alikuwa Kingi, mwenye duka la misumari na rangi huko Bondeni. Wa katikati ni huyu Mejumaa. Kitinda mimba alikuwa Thoya, karani wa ghala huko Mbaraki.

Sasa ni lazima nikwambie habari za Kingi, maana bila kumjua yeye hutaelewa yaliyotokea. Kingi alikuwa mtu wa maneno machache. Kuhusu pesa, alikuwa hana hata neno moja. Katika familia ile kutoa kulikuwa kazi ya mkono, si ya mdomo. Mtoaji alizikunja noti zikawa ndogo. Alisalimia, akakaa, akanywa chai. Wakati wa kuagana alizitia katika kiganja cha mwenzake. Mpokeaji alifumba mkono, asitazame wala asiulize ni za nini. Kuuliza kulikuwa kukosa adabu. Kutaja kulikuwa kusimanga. Bi Mbodze aliwalea hivyo, nao waliona fahari kulelewa hivyo.

Kila mwaka, katika mwezi wa Shaaban, Kingi alikuja na noti nyingi kuliko kawaida. Mejumaa alifumba mkono. Kesho yake alimwita fundi, na nyumba nzima ikapakwa chokaa kabla ya Ramadhani kuingia. Mama yao alipenda kuta nyeupe, na Mejumaa aliona kaka yake amefanya jambo la kupendeza sana. Nyumba iling'aa. Watu walielekeza wageni kwa nyumba ile.

Ilikuwa nyumba safi kuliko zote kichochoroni. Na tangu Bi Mbodze afariki, ilikuwa haijalipiwa kodi ya jengo hata mara moja.

Kodi ya jengo ni ile ambayo mwenye nyumba huilipa kila mwaka kwa ajili ya mji. Barua zake zilikuja. Lakini zilikuja kwa Kiingereza, tena kwa jina la Bi Mbodze. Mejumaa alipoliona jina la mama yake juu ya bahasha, moyo ulimuuma. Hakuweza kuifungua. Alimpa Thoya, msomi wa nyumbani. Thoya alisoma mistari miwili, akaitia mfukoni.

"Mambo ya kodi hayo," alisema. "Kaka Kingi ayajua."

Je, Thoya alimuuliza Kaka Kingi? Hakumuuliza. Utamuulizaje kaka yako mkubwa kama amelipa? Ni kama kumwambia hatimizi wajibu wake. Basi Thoya alinyamaza kwa heshima, Mejumaa akanyamaza kwa heshima, na heshima ikaendelea mwaka baada ya mwaka.

*

Siku moja, mahamri yakiwa yamekwisha, mwanamke mmoja alisimama mlangoni. Alivaa sketi ndefu ya bluu na viatu vya kufunika vidole. Alikuwa ametoka jasho.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Lakini mahamri yashakwisha, mwanangu. Ndoo kesho asubuhi, utayapata."

"Sikuja kununua, mama. Naitwa Nasipwondi. Natoka ofisi ya kodi ya majengo."

Mejumaa alijifuta mikono kwa leso yake. "Keti kwanza. Mgeni hatoi habari zake akiwa wima."

Nasipwondi hakutaka kuketi. Alikuwa mgeni Mombasa, amehamishwa kutoka bara. Tangu asubuhi alikuwa ameingia nyumba nyingi na kila mahali alitoka mikono mitupu. Alisema kwa sauti ya kiofisi, "Mama, nyumba hii haijalipiwa kodi miaka kadhaa. Barua zimeletwa, hamkujibu. Mwisho wa mwezi huu mambo yatapelekwa mahakamani. Mkishindwa kulipa, nyumba yaweza kuuzwa."

Mejumaa alimtazama. Kisha akaketi yeye, chini kabisa, kwenye ngazi ya mlango.

"Kuuzwa? Nyumba ya mamangu?"

"Ndiyo sheria, mama."

"Hapana, umekosea nyumba. Nyumba hini yalipiwa na kaka yangu Kingi. Mtu mzima, mwenye kumcha Mungu. Hawezi kuacha kulipa."

Nasipwondi aliona kwamba mama huyu anayaamini anayoyasema. Sauti yake ya kiofisi ikamtoka. Aliketi naye pale pale kwenye ngazi, sketi ya bluu ikashika vumbi.

"Pole, mama. Hebu niambie. Kaka yako alikwambia kuwa amelipa?"

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

"Ntamuulizaje? Ni kaka yangu mkubwa!"

Nasipwondi alijifuta jasho. "Unajua mama, leo nimeingia nyumba saba au nane za urithi. Kila nyumba naambiwa, analipa kaka, analipa shangazi, analipa yule aliye bara, analipa yule aliye Jeddah. Mimi nilidhani watu wa hapa hawataki kulipa. Tena nilikuwa nimewakasirikia. Kumbe kila mmoja anamwachia mwenzake kwa moyo safi."

"Basi kosa ni letu?"

"Kosa ni letu sote. Sisi tunamwandikia marehemu, kwa Kiingereza, halafu tunashangaa hajibu."

Mejumaa hakutaka kucheka, lakini alicheka. Kisha akakumbuka nyumba, kicheko kikakatika.

"Na pesa zenyewe zaenda wapi?" aliuliza, ulimi wake ukirudi. "Maana mtaro wa pale pembeni ukiziba, sisi ndio twaogelea."

"Swali zuri. Gari la taka linatumia kodi hiyo. Taa za barabarani pia. Na watu wanaozibua mtaro wanalipwa kwa kodi hiyo. Mama, siwezi kukuapia kwamba kila kitu kinafanyika kwa wakati. Lakini nyumba zikiacha kulipa, hata hicho kidogo hakitafanyika. Na ukilipa, una haki ya kuja ofisini kuuliza mtaro wako umefikia wapi."

"Nikija, mtanisikia?"

"Wewe?" Nasipwondi alitabasamu. "Wewe utasikika hata ukiwa nje ya mlango."

Mejumaa aliona msichana huyu ana akili. Akamletea kahawa ya tangawizi. Walipokuwa wakinywa, Nasipwondi alimpa ushauri.

"Waite ndugu zako. Usiulize nani hakulipa. Ukiuliza hivyo, kila mtu ataanza kujitetea, na mtagombana. Uliza mambo ya mbele. Nani atalipa? Atalipa siku gani? Atalipia wapi? Mkiondoka pale bila jina la mtu mmoja na siku moja, mjue hamjaamua kitu. Kila mtu atarudi kumngoja mwenzake."

*

Jumapili baada ya alasiri walikusanyika. Mejumaa alipika samaki wa kupaka, kwa sababu habari mbaya haitaki tumbo tupu. Walikula wakazungumza habari za jua na bei ya sukari. Sahani zilipoondolewa, Mejumaa alikunja miguu juu ya mkeka, akawaeleza yote aliyoambiwa na Nasipwondi.

Thoya ndiye aliyetangulia kusema. "Tisho tu hilo. Kwani Kuze hini nani alipa kodi ya jengo? Hakuna! Sisi ndio wajinga tulipe peke yetu?"

Vichochoro vya Kuze ni vyembamba, na madirisha hutazamana. Kutoka nyumba ya mbele ilisikika sauti ya Bi Mwanaidi, jirani yao wa siku nyingi.

"Ewe Thoya! Mimi nalipa kila mwaka!"

Wote watatu waligeuka dirishani. Bi Mwanaidi alikuwa akianua nguo, na wala hakuona haya kwamba alikuwa akisikiliza.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi," Thoya alisema, amenywea. "Walipa kweli?"

"Marahaba. Nalipa. Na nyumba ya pembeni walipa. Na wale wa duka la halua walipa pia, nimekutana nao huko huko kwenye foleni."

"Mbona hukutwambia siku zote?"

"Nitangaze? Nipite mlango kwa mlango, ati mimi nimetoa pesa? Mama yenu angenionaje?" Bi Mwanaidi alikunja shuka, akafunga dirisha. Baada ya kitambo akalifungua tena kidogo, apate kusikia mwisho wake.

Thoya alijikuna kichwa. Kumbe watu walilipa, ila walilipa kimya kimya. Kila aliyenyamaza alimfanya jirani yake adhani halipi mtu.

"Mimi," alisema Thoya polepole, "barua nilizisoma. Nilidhani Kaka ameshamaliza. Niliona haya kuuliza."

Sasa walibaki na Kingi. Kingi alikuwa akiitazama mikono yake. Alikohoa, akakohoa tena.

"Mejumaa," alisema. "Mimi nilikupa."

"Ulinipa nini, Kaka?"

"Pesa za kodi. Kila Shaaban. Wewe ndiye ukaaye hapa, nikajua wewe ndiye wapeleka."

Mejumaa alishika kifua. "Zile? Zile zilikuwa za kodi?"

"Kwani wewe ulizifanyia nini?"

Mejumaa aliinua mkono akaonyesha ukuta. Kisha akaonyesha ukuta wa pili. Kisha dari.

Kingi alizitazama kuta zile nyeupe. Uso wake ulikuwa mgumu, na kwa muda Mejumaa aliogopa kwamba kaka yake atasimama, atoke, asirudi tena. Hilo lilimtisha kuliko mahakama.

"Hukusema, Kaka," alisema, machozi yakimtoka. "Wallahi hukusema hata neno moja. Nilidhani wamkumbuka Mama."

"Sikusema," alikubali Kingi.

Alitazama tena dari. Mabega yake yakaanza kutikisika. Thoya alidhani kaka yao analia, akasogea kumshika. Lakini Kingi alikuwa akicheka. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Miaka yote!" alisema. "Napita hapa nje, najiambia, huyu Mejumaa ni hodari. Alipa kodi, tena akapaka na chokaa!"

Hapo wote watatu walicheka na kulia pamoja, na huko mbele dirisha la Bi Mwanaidi nalo likasikika likicheka. Mejumaa alipangusa macho, akakumbuka ushauri aliopewa.

"Haya. Yaliyopita tuyaache. Nani atalipa? Siku gani? Wapi?"

Waliamua pale pale. Kila mmoja atatoa fungu lake mwanzoni mwa mwezi, Thoya akishapokea mshahara. Wataanza kwa kwenda ofisini kesho, wote pamoja, kabla mambo hayajafika mahakamani. Lakini nani atakuwa mwenye kulipa? Hilo waliliacha kidogo, kwa sababu Kingi alisema ana neno lake, ila atalisema huko huko.

*

Ofisini kulikuwa na foleni na benchi gumu. Nasipwondi aliwaona, akatoka nyuma ya meza kuwasalimia.

"Tumekuja kulipa," alisema Kingi. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayekiri jambo la aibu. "Hatuna zote kwa pamoja."

"Mmefanya vyema kuja kabla ya kupelekwa mahakamani," alisema Nasipwondi. "Mtu akija mwenyewe, tunaweza kuzungumza. Akijificha, hatuwezi."

Aliwapeleka kwa mkubwa wake, bwana mmoja aitwaye Seth. Seth aliwasikiliza, akauliza maswali machache. Akakubali walipe kidogo kidogo kila mwezi mpaka deni liishe, na shauri lisipelekwe mahakamani maadamu wanalipa. Thoya alitoa pumzi ndefu iliyosikika mpaka kwenye benchi.

"Sasa nahitaji jina," alisema Nasipwondi. "Mtu mmoja wa kuandikiwa barua. Si marehemu, na si 'familia'. Mtu mmoja ambaye barua ikifika atajua ni yake."

Watu wote walimtazama Kingi. Ndiye mkubwa, tena mwanamume. Hata Seth alikuwa ameshamgeuzia uso.

"Andika Mejumaa," alisema Kingi.

"Mimi?" Mejumaa alishtuka. "Kaka, mimi Kiingereza sikijui."

"Wajua kila kinachopita katika kichochoro kile. Wajua kugombana na watu wasikasirike. Sisi tutatoa, wewe utalipa, na tukichelewa utatupigia kelele."

"Barua tutaiandika kwa Kiswahili," alisema Nasipwondi. "Nimeshamwomba Bwana Seth."

Bwana Seth alikuwa hajakubali bado. Lakini watu wote walikuwa wakimtazama, naye akakubali.

Mejumaa aliona jina lake likiandikwa. Alilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

*

Mambo hayakubadilika kwa familia ile tu. Nasipwondi alimweleza mkubwa wake aliyojifunza kwenye ngazi ya mlango wa Mejumaa. Watu hawaogopi kulipa kama wanavyoogopa kuulizana. Barua ndefu haisomwi. Na mtu akijua jirani yake analipa, huona vizuri naye kulipa.

Barua mpya zilikuwa fupi, za Kiswahili. Mstari wa kwanza ulitaja jina la mtu aliye hai. Wa pili ulisema alipe kiasi gani, wapi, kabla ya siku gani. Wa tatu ulisema kweli tupu: majirani wengi wa mtaa huu wameshalipa, tunakungoja wewe. Barua hizo zilifika mwanzoni mwa mwezi, watu wakiwa na mshahara, si mwishoni wakiwa hawana kitu.

Tena ofisi ilileta meza Kuze, siku chache kila mwaka, ili wazee wasipande basi. Hapo ndipo siri zilipofichuka. Watu walikutana kwenye foleni ya meza ile.

"Kumbe nawe walipa?"

"Mimi siku zote! Nilidhani wewe ndiye hulipi."

Bi Mwanaidi alikuja mapema na kiti chake. Hakuwa na foleni ya kungoja, kwani alikuwa ameshalipa. Alikuja kutazama nani hakuja.

Mejumaa naye alikwenda kuuliza habari za mtaro, kama alivyoahidiwa. Alikwenda mara ya kwanza, hakujibiwa vizuri. Alikwenda mara ya pili na risiti yake mkononi, akaongea. Wiki hiyo hiyo mtaro ulizibuliwa. Nasipwondi alimwambia kuwa sauti yake ilifika mpaka chumba cha pili.

Kidogo kidogo deni lilipungua, mpaka likaisha. Hakuna tena aliyezungumza habari ya kuiuza nyumba ya Bi Mbodze.

Shaaban iliyofuata, Kingi alikuja kama kawaida yake. Alikuja asubuhi, wateja wakiwa wamejaa barazani na sahani zao. Alisalimia, akaketi, akanywa chai. Aliposimama kuondoka aliingiza mkono mfukoni, na Mejumaa akatega kiganja kama walivyolelewa.

Lakini Kingi hakuzitia. Alisimama pale amezishika. Jasho lilimtoka, na haikuwa kwa jua.

"Mejumaa," alisema, kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Hizi ni za kodi ya jengo. Fungu langu la mwaka huu."

"Nimesikia, Kaka," alijibu Mejumaa, akijizuia kucheka. "Za kodi ya jengo."

Wateja waliacha kutafuna. Hakuna aliyewahi kumsikia Kingi akitaja pesa. Mejumaa alizipokea, akazifunga katika pindo la leso. Alidhani yamekwisha, akageukia karai lake.

"Bado," alisema Kingi.

Alitoa noti nyingine. Hakuzikunja. Alizilaza wazi katika kiganja cha dada yake, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Na hizi si za kodi. Hizi ni zako. Mama alipokuwa haoni, wewe ndiye uliyemlisha, ukamwosha, ukamsomea dua mpaka siku yake ya mwisho. Mimi nilikuwa dukani. Miaka yote nataka kukushukuru, dada yangu. Nilidhani wajua."

Mejumaa alisimama na mkono uliofumbwa, mahamri yakiungua nyuma yake.

"Sikujua, Kaka," alisema. "Ndiyo kwanza naambiwa."